Usaha Ulio Moyoni

Ndugu msomaji, umekuja hospitali kwa sababu ya mwili wako. Lakini nakuuliza neno moja: Je, kuna mtu ambaye ukisikia jina lake, moyo wako unawaka moto? Pengine ni ndugu aliyekunyang'anya shamba la baba. Pengine ni watu waliochoma nyumba yako siku za vita. Pengine ni jirani unayemdhania kwamba amekuloga, kumbe homa yako imeletwa na mbu.

Unajua jipu. Ngozi ya juu inaweza kufunga na kuonekana nzuri, lakini usaha umebaki chini. Mgonjwa anasema, "Nimepona." Usiku homa inapanda. Monganga hapaki dawa juu tu. Anapasua, usaha unatoka, na kidonda kinapona toka chini mpaka juu. Kinyongo ni vile vile. Unaimba kanisani, unacheka na watu, lakini usaha uko ndani.

Mwili nao unajua. Mtu akikasirika, moyo unapiga mbio, damu inasukumwa kwa nguvu, usingizi unakimbia. Mungu aliumba mwili hivi ili tumkimbie chui, na hatari ikipita, tupumzike. Lakini mwenye kinyongo analala na chui wake kila usiku. Kama ana ugonjwa wa tansio, anajidhuru zaidi. Na yule adui? Analala vizuri.

Wengine wanasema, "Anayehubiri kusamehe hajaumizwa." Sivyo. Monganga Helen Roseveare, Mwingereza, alifika Kongo mwaka 1953, akatumika Nebobongo. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, alikamatwa, akapigwa, akatendewa mabaya ya aibu. Akaokolewa, akarudi kwao. Lakini mwaka 1966 alikuja tena Kongo, akafundisha wauguzi huko Nyankunde mpaka mwaka 1973. Mtu aliyejaa kisasi hawezi kurudi kuosha vidonda katika inchi alimoumizwa.

Soma Matayo 18. Mtumishi mmoja alisamehewa talanta 10,000, kisha akamkaba mwenzake kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa mshahara wa siku moja. Basi dinari 100 si deni dogo, na Yesu hasemi kwamba umeonewa kidogo. Lakini talanta 10,000 hakuna mtu awezaye kuzilipa maisha yake yote. Hilo ndilo deni ambalo Mungu ametufutia sisi.

Fahamu vizuri: kusamehe si kuita uovu wema. Neno la shamba lipelekwe barazani, na mwuaji asimame mbele ya hakimu. Lakini panga lako liache nyumbani, kwa maana kisasi chako leo ni vita ya watoto wako kesho.

Ufanye nini? Leo mtaje mtu yule kwa jina mbele ya Mungu, umwombee. Usiwafundishe watoto wako kumchukia. Mkikutana njiani, msalimie wewe kwanza. Uchungu ukirudi, samehe tena, maana kidonda kirefu hakioshwi mara moja tu. Dawa ya hospitali tutakupa sisi. Dawa hii uipokee kwa Bwana Yesu, naye haiuzi.