Programu ni Bure, Kazi Je?

Wanangu wa Chaani, si lazima sote tusubiri kibarua cha bandarini. Angalieni Mosoriot, karibu na Eldoret. Mwaka 2001 kituo cha afya cha pale kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kutokana na kazi hiyo, 2004 ikazaliwa OpenMRS, na KenyaEMR ya hapa nchini imejengwa juu yake.

Sasa skizeni: programu yenyewe ni bure. Kuiweka, kufunza manesi na kulinda siri za wagonjwa vile sheria ya data ya 2019 inavyotaka, hiyo ndiyo biashara. Lakini kompyuta pekee haitoshi. Kaa na karani wa kliniki, uone foleni inakwama wapi. Usipoijua kazi yake, utamshauri nini?