Kiswahili cha Kuagizia Nyama

Hivi karibuni tulialikwa chakula cha jioni katika mkahawa mmoja wa Kikorea mjini Kampala. Kwa msomaji ambaye hajaingia katika mkahawa wa namna hiyo, yafaa tueleze kwanza mambo yanavyokwenda. Jiko haliko uani wala nyuma ya nyumba, bali liko katikati ya meza, na juu yake limening'inia bomba la kuvuta moshi. Nyama huletwa mbichi, imekatwa vipande vyembamba, nyingine ikiwa imelowekwa katika mchuzi wa soya, vitunguu saumu na sukari, na wale walao ndio waichomao. Hukatwa kwa mkasi, jambo lililotushangaza sana, kisha kipande hufungwa ndani ya jani la saladi pamoja na kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na tonge zima huingia kinywani kwa mara moja. Nyama ya ng'ombe ya namna hiyo huitwa bulgogi, na maana ya jina hilo ni nyama ya moto.

Mwenyeji wetu, Mkorea wa makamo, alipofahamu kwamba kazi yetu iko Jinja, aliangua kicheko. Kumbe katika lugha yake neno linalotamkwa hivyo hivyo lina maana ya "kweli kabisa". Nasi tulimweleza kuwa kwetu Jinja ni jiwe, na kwamba mji uliitwa hivyo kwa sababu ya mawe ya mtoni pale Nile inapotoka ziwani. Kwa hiyo kila tulipotaja mji wetu usiku ule, yeye aliitika kama mtu aliyesikia kiapo.

Lakini yaliyotukaa moyoni si mkasi wala kicheko. Kwanza, hakuna aliyegusa chakula kabla ya mzee wa meza kuinua vijiti vyake, na kijana kuliko wote ndiye aliyegeuza nyama. Sisi katika shule ya maofisa wanafunzi tulifundishwa kinyume chake, kwamba kamanda hula baada ya askari wake kushiba. Hata hivyo tuliona kuwa desturi hizo mbili ni ndugu, kwa kuwa zote zamwambia mtu ajue mahali pake mbele ya chakula. Pili, bei ya kila sahani ilikuwa imeandikwa, nasi tuliisoma kabla ya makaa kuwashwa. Hakuna aliyemwogopa mwingine mezani pale.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mbale kikazi, watu watatu, tukipita Iganga na Tirinyi, nasi tulikuwa tumevaa mavazi ya kiraia. Jioni, Wanale ilipoanza kuingia gizani, tulifuata harufu hadi kwa mchomaji mmoja wa mbuzi. Jiko lake ni pipa lililopasuliwa, gogo la kukatia lipo kando, na kachumbari imefunikwa kwa sahani. Mwenzetu mdogo ndiye aliyeagiza. Alisema maneno manne tu: "Leta kilo mbili, haraka."

Mchomaji aliinua macho. Alikuwa akitaniana na wateja wengine kwa Kigisu, lakini utani ule ulikatika papo hapo. Alichagua mbavu nzuri kuliko zote, akaongeza vipande viwili ambavyo hatukuviomba, akafuta meza yetu mara mbili. Tulipouliza bei alijibu, "Mtatoa mtakachoona, afande." Hatukuwa tumemwambia kuwa sisi ni askari, Kiswahili chetu ndicho kilichomwambia. Tulipomsihi sana alitaja bei, nayo ilikuwa pungufu kwa shilingi 8,000 kuliko ile iliyolipwa na meza ya pili kwa uzito ule ule. Tulilipa kama meza ya pili. Alizishika zile fedha kama mtu anayesubiri kuambiwa azirudishe.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu, na hasa wale tuvaao nao sare, watusikilize. Kiswahili kimekuwa lugha ya amri katika nchi hii kwa muda mrefu. Kikosi cha nne cha King's African Rifles kilikuwa na kambi Jinja, na mtoto wa Kisoga wa zama zile alikisikia kwanza kutoka gwarideni. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, lakini kwa amri, tena katika miaka ambayo mwananchi alikisikia zaidi kwenye kizuizi cha barabarani kuliko darasani. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kinatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni mema. Walakini, darasa moja la Kiswahili lipo kila jioni pembeni ya jiko la nyama, na mwalimu wake ni askari aliyekuja kula.

Tunasema haya kwa masikitiko, kwa sababu kuna kichekesho ndani yake. Watu wa Uganda, wawe Waganda, Wasoga au Wagisu, nyama hii huiita muchomo. Neno hilo halikutoka katika Luganda. Limetoka katika choma yetu ya Kiswahili. Sigiri ya makaa, kachumbari na chapati inayoliwa navyo, yote ni majina ambayo Mswahili wa Mombasa angeyatambua bila ya mkalimani. Mwananchi anakula Kiswahili kila Jumamosi na kukifurahia, ila kikitoka kinywani mwa mtu mwenye mabega mapana, tumbo lake hushituka.

Wapo watakaosema kwamba kosa si la lugha bali ni la nidhamu. Ni kweli, wala hatubishi. Kanuni za maadili za NRA, zilizotungwa wakati wa vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, zilimkataza askari kuchukua hata ndizi mbivu au muwa wa mwananchi pasipo kulipa, na zikaagiza alipe upesi, tena kwa taslimu. Kila askari amesomewa kanuni hizo. Lakini nidhamu haionekani kifuani kama nishani, bali husikika katika namna ya kuomba. Mtu aweza kulipa senti ya mwisho na bado akaacha nyuma yake hofu, kama tulivyoiacha sisi Mbale usiku ule, ingawa mifuko yetu ilikuwa safi.

Wengine watauliza kwa nini askari asijifunze lugha ya mahali. Ajifunze, kwa nini asijifunze? Kusema "mulembe" Mbale au "kodheyo" Jinja hakuhitaji kozi ya miezi sita. Lakini kijana aliyezaliwa Arua, akafunzwa Kabamba, akapelekwa Mbale na kesho Moroto, hawezi kubeba lugha zote begani pamoja na bunduki. Iliyopo ni hii moja, na inayo maneno ya kutosha: naomba, tafadhali, shilingi ngapi, asante. Hayo manne hayazidi kwa idadi yale manne aliyoyatumia mwenzetu.

Jinja hali ni tofauti, na tofauti hiyo imetufunza kitu. Kambi na mji vimekaa pamoja tangu enzi za Waingereza, watoto wa pande zote mbili wamesoma dawati moja. Tulishuhudia mama mmoja muuza kuku wa kuchoma na gonja akimwambia koplo aliyejipenyeza mbele, kwa Kiswahili chake cha Kisoga, "Afande, mstari unaanzia kule." Koplo alikwenda kule, na watu walicheka, naye alicheka. Hatujaona picha nzuri ya jeshi kuliko ile, na kazi yetu ni kutafuta picha nzuri za jeshi.

Turudi Mbale, kwa kuwa habari yake haikuishia kwenye shilingi 8,000. Tulikwenda tena kwa mchomaji yule baada ya mwezi mmoja. Safari hii tulianza kwa mulembe, tukauliza bei kabla nyama haijawekwa motoni, tukalipa kabla ya kula. Alilegea kidogo kidogo, kama nyama yenyewe. Mwishowe alitoa kwenye mfuko wa aproni daftari la shule lililolowa mafuta. Humo ameandika madeni ya watu ambao, kwa maneno yake, walikuwa na Kiswahili kama chetu. Majina kamili hana, hakuthubutu kuyauliza. Ameandika Mrefu, ameandika Wa Landrova, ameandika Wawili wa Jumapili, na mbele ya kila mmoja kilo zake. Mengine ni ya miaka mingi, wino umepauka.

Sisi tunaujua uhamisho. Amri huja usiku, na alfajiri mtu yupo juu ya lori na godoro lake. Zamani hiyo ilikuwa udhuru, japo mbovu. Leo fedha hutumwa kwa simu kutoka Moroto hadi Mbale kabla maji ya chai hayajachemka, na namba ya mchomaji imeandikwa kwa rangi juu ya kibanda chake. Kwa hiyo udhuru huo haupo tena. Tungependa makamanda wa vikosi waongeze swali moja katika ukaguzi wa askari anayehama: mbali na bunduki, blanketi na sufuria ya kikosi, je, kuna kilo unazodaiwa mjini? Na tungependa wachomaji nao waandike bei kwenye ubao, mahali inapoonekana, kama walivyofanya wale Wakorea kwa karatasi yao. Bei iliyoandikwa haitetemeki mbele ya mtu.

Kabla ya kuondoka tulitaka kulipa deni la Wa Landrova, kilo nne na nusu. Si kwamba tunamjua. Aliyeagiza siku ile ya kwanza ndiye aliyetoa wazo, tena kwa upole, na noti zilikuwa zimekwisha kutoka mfukoni mwake. Mchomaji alilifunga daftari.

"Hapana," alisema. "Huyo namtaka aje mwenyewe."

Kisha akachukua kisu, akatuuliza kama tungependa figo, maana zilikuwa zimebaki mbili, na akataja bei yake pasipo kuulizwa.