Fomu za Ruzuku Ziwafikie Wenye Vinamasi

Fedha za kufufua vyanzo vya maji si kwamba hazipo. Mpango wa FLLoCA, ulioidhinishwa 2021 kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, huzipa kaunti ruzuku za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na kamati za wadi ndizo zinazotarajiwa kupendekeza miradi. Huu ni utaratibu wa kupongezwa.

Hata hivyo, tuitazame Kapsoit, katika eneo bunge la Ainamoi, jina ambalo ndani yake limo neno la Kikalenjin "aina", yaani mto. Katika nchi hii ya chai mikaratusi imepandwa hadi mabondeni, kwa kuwa hukua upesi na viwanda vinahitaji kuni za kukaushia majani. Itakumbukwa kwamba 2009 marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru ing'olewe kandokando ya mito na vinamasi. Lakini amri haimlipii mkulima karo ambayo miti ile ingemlipia. Ruzuku ingeweza.

Tatizo ni kwamba maombi ya ruzuku kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha ofisini. Kikundi cha wakulima hulazimika kukodi mwandishi, naye huandika yale ambayo mfadhili hupenda kusoma: miche elfu kadhaa, semina, kibao cha mradi. Aghalabu kinamasi hakihitaji miche hata kidogo. Huhitaji mifereji iliyochimbwa kukikausha izibwe, ng'ombe wazuiwe, na matete yaachwe yajiotee. Anayeijua mifereji hiyo ni jirani yake, ambaye fomu haimwulizi.

Sisi wanaisimu nasi hatuna haki ya kujitoa lawamani. Tulipata neno zuri, "ardhioevu", tukaliacha kwenye makongamano, huku "kinamasi" kikiendelea kumaanisha matope na mbu, yaani mahali pa kukaushwa.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Fomu na zitolewe kwa Kiswahili, na maelezo ya wazee yapokelewe kwa Kikipsigis na kunukuliwa yalivyo.

Walimu hawana haja ya kungoja waraka. Darasa la insha na liende kwenye kinamasi kilicho karibu, lihesabu mifereji, liwaulize wazee maji yalifika wapi zamani, kisha liiandikie kamati ya wadi barua.