Kikokotoo kipya na fungu la mama



Kwa muda wa wiki sita sasa, juu ya meza ya ofisi ya kamati ya msikiti wetu hapa Kishapu, baina ya daftari la sadaka na kasha la muhuri, kumekaa mgeni: kikokotoo kinachopokea programu. Kililetwa na muumini mmoja, mzaliwa wa hapa anayefanya kazi Dar es Salaam, ambaye alipokuja likizo alituona tukijaza karatasi nne kwa mirathi moja, kisha tukazichana na kuanza upya. Tangu habari hiyo isambae, baadhi ya ndugu wametuuliza iwapo chombo hicho kinafaa na iwapo kamati nyingine zikitafute. Tumeona ni haki tueleze tuliyoyaona, hata yale yasiyotupa sifa.

Kwanza, ni kitu gani hasa? Kikokotoo cha kawaida, na hata kile cha simu, hukumbuka kidogo sana. Ukimaliza hesabu moja, ya pili unaianza mwanzo. Hiki cha programu unakiandikia utaratibu wa hesabu mara moja, hatua kwa hatua, nacho kinauhifadhi. Siku ya pili unakiita, kinakuuliza A ni ngapi, B ni ngapi, unakijibu, na jawabu linatoka. Ni mfano wa mama aliyemfundisha binti yake kupika pilau: baadaye humwambia tu idadi ya wageni. Vyombo vya namna hii vya kushikwa mkononi si vipya duniani. HP-65 ya Marekani, iliyohifadhi programu zake katika kadi ndogo za sumaku, ilitoka mwaka 1974. Kwetu sisi ndiyo kwanza kimefika.

(Wazazi wenye watoto wa kidato cha sita watusamehe kwa kuingilia: msimpe kijana wenu chombo cha aina hii aingie nacho katika mtihani wa taifa. Kinachoruhusiwa mle ni kikokotoo kisichopokea programu.)

Tulianza na zaka, na hapo hatuna ila shukrani. Kwa fedha, tunakipa bei ya gramu moja ya dhahabu kwa siku hiyo, nacho kinaizidisha kwa 85 kupata nisabu, kinalinganisha na mali iliyotimiza mwaka, kisha kinatoa asilimia mbili na nusu, au kinaandika sifuri. Kwa ng'ombe, ambao ndio utajiri wa nyumba nyingi za huku, tumekifundisha kwamba chini ya 30 hakuna kitu, 30 wana ndama wa mwaka mmoja, 40 wana mtamba wa miaka miwili, na wakizidi hapo hesabu hugawanywa kwa makundi ya 30 na ya 40. Mzee mmoja mwenye ng'ombe 110 alikaa kitini, na kabla hajamaliza kuvua kofia jawabu lilikuwa tayari: ndama mmoja wa mwaka na mitamba wawili wa miaka miwili. Alicheka, akasema babu zake walihesabu kwa vijiti.

Tulifurahi, na furaha ile ikatuvimbisha kichwa. Tukaingia katika mirathi.

Si ajabu elimu ya hesabu na elimu ya mirathi kutembea pamoja. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algoriti, aliandika katika karne ya tisa Miladia kitabu chake cha aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Kwa hiyo tulijiona tumo katika njia ya wakubwa. Jioni moja baada ya Isha tuliandika programu: mume nusu au robo, mke robo au thumuni, mama theluthi au sudusi, na kadhalika kama mafungu yalivyobainishwa katika Surat An-Nisaa, kinachobaki kikaenda kwa asaba.

Tukakijaribu kwa suala mashuhuri la Mimbariyya, ambalo Sayyidna Ali (r.a.) anapokewa kulijibu akiwa juu ya mimbari: mtu amefariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Tulikipa mali ya shilingi 24,000,000. Kikampa mke 3,000,000, mabinti 16,000,000, baba 4,000,000 na mama 4,000,000. Jumlisha, ndugu msomaji. Ni 27,000,000! Chombo kilikuwa kimegawa milioni tatu zisizokuwapo, wala kioo hakikutikisika. Kosa lilikuwa letu: hatukukiandikia aul, kanuni ambayo mafungu yakizidi mali, kila fungu hupungua kwa kadiri yake. Mafungu 24 yanakuwa 27, na thumuni ya mke inageuka kuwa tusui. Tuliongeza mistari mitatu, hesabu ikakaa sawa, nasi tukalala tukijua kwamba sasa chombo kimekamilika.

Kosa lile lilikuwa la heri kwetu, kwani lilipiga kelele. Jumla ilikataa. Hatukujua kwamba lipo kosa jingine ambalo jumla yake hukubali.

Wiki ya tatu iliyofuata tuliletewa mirathi ya kweli. Kijiji na majina tunavihifadhi. Alikuwa mwanamke kijana, mtoto pekee kwa mama yake na kwa baba yake, aliyefariki bila kuacha mtoto. Aliacha mume, mama na baba. Wazazi hao waliachana zamani. Mama ndiye aliyemlea binti kwa jembe la pamba na mtama, na baba aliishi wilaya nyingine akija kwa nadra. Mali yake ilikuwa ng'ombe 10 na shilingi 1,800,000. Deni hakuacha, wasia hakuacha.

Tuliingiza idadi. Kioo kikaandika mume ng'ombe 5, mama ng'ombe 3.333333333. Imamu wetu, mzee ambaye hajawahi kukigusa chombo kile, alikuwa akipita na birika la udhu. Alisimama, akauliza swali moja: "Mahari yake alimaliziwa?"

Hatukuwa tumeuliza. Kwa mila za huku, ng'ombe wanaotoka kwa mwoaji hudhaniwa ni haki ya wakwe, na wengi hawazungumzi kuwa mahari ni mali ya mke mwenyewe. Mume alipoulizwa alikiri kwa unyofu kwamba ng'ombe wawili wa mahari hakuwahi kuwatoa. Wale ni deni juu yake, na deni analodaiwa mtu kwa marehemu ni sehemu ya mali ya marehemu. Ng'ombe wakawa 12. Tukaingiza upya: mume 6, mama 4, baba 2. Namba kamili, hakuna mkia wa nukta. Fedha vilevile: 900,000, 600,000, 300,000. Tunakiri mbele yenu kwamba unadhifu wa namba zile ndio uliotulaghai. Usiku ule ule tulimpigia simu mama wa marehemu tukamwambia fungu lake ni ng'ombe 4 na shilingi laki sita.

Asubuhi baada ya Alfajiri, imamu alisoma karatasi yetu hadi mstari wa mwisho, kisha akauliza: "Baba amepata nusu ya mama? Rudini."

Naam. Hili ni moja ya masuala mawili yanayoitwa Umariyyatayn, kwa kunasibishwa na Sayyidna Umar (r.a.) aliyeyahukumu. Akikusanyika mume au mke pamoja na wazazi wawili, bila ya watoto, mama hupewa theluthi ya kinachobaki baada ya fungu la mume au mke, wala si theluthi ya mali yote. Hivyo mume anachukua 6. Katika 6 waliobaki mama anapata 2 na baba 4. Fedha, mama 300,000, baba 600,000. Tuliyasoma haya chuoni na tukayafanyia mtihani. Jambo la kushangaza ni kwamba Ibn Abbas (r.a.) alikuwa na rai ya kumpa mama theluthi kamili, hata chombo chetu kikawa kimefuata rai yake pasi na kujua jina lake. Lakini jumhuri ya maulamaa, na madhehebu ya Imamu Shafi'i tunayoifuata huku, wako pamoja na hukumu ya Umar.

Ilitupasa kwenda wenyewe. Hatukuona kuwa ni adabu kumpokonya mama ng'ombe wawili kwa simu. Tulimkuta akianika mtama. Tulimweleza, na imamu akamweleza tena kwa Kisukuma, na hakumficha kwamba Ibn Abbas alisema vingine. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatugeukia sisi, si imamu.

"Ustadh, ile mashine ilinidanganya, au mlinidanganya ninyi?"

Tulimjibu kuwa mashine ilitii tulichoiandikia, na kwamba tuliharakisha. Alinyamaza kitambo. Akasema hukumu ya dini yake haikatai, ila tangu jana usiku alikwisha kumwahidi mjukuu wa dada yake ng'ombe mmoja kwa ajili ya ada ya shule, na sasa hajui atamwambia nini. Akaomba karatasi isomwe mara mbili, akaweka dole gumba. Baba, alipopata habari, alichukua haki yake wiki hiyo hiyo. Ni yake, wala hatuna neno juu yake.

Programu tumekwisha kuirekebisha. Sasa inauliza kwanza mahari, kisha madeni, kisha wasia, na wazazi wawili wakikutana na mume au mke bila watoto inasimama na kuonyesha sifuri, ili tulazimike kuigawa kwa mkono mbele ya imamu. Tungeweza kuiandikia kanuni yenyewe, lakini tumependelea isimame. Na hakuna tarakimu inayotoka ofisini, kwa karatasi wala kwa simu, kabla imamu hajatia saini.

Hivi sasa tunapitisha humo mirathi zote zilizomo katika daftari letu la zamani, zile tulizozigawa kwa kalamu. Tumefika ya kumi na moja. Mbili hazilingani na kilichoandikwa, na moja kati ya hizo ina mjane ambaye bado yu hai, anaishi Maganzo. Jumamosi, inshaAllah, tutakwenda kwake.

Wabillahi tawfiq.