TAHARIRI: Msuluhishi wa Ndoa Naye Asome

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, hapa Mwananyamala si ajabu baada ya swala ya Isha kuwakuta mume na mke barazani pa msikiti wakingoja kusuluhishwa. Sisi walimu tumesoma hukumu za talaka, eda na matunzo, nasi huzieleza bila kusita. Lakini pembeni huwapo mtoto wa miaka tisa, kimya, ambaye hata madrasa ameacha kuja. Huyo hatujui tumwulize nini.

Upungufu huu ni wetu, si wa dini yetu. Surat An-Nisaa, aya ya 35, imetuamrisha kuteua mwamuzi katika jamaa za mume na mwingine katika jamaa za mke. Naye Imam Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, alieleza katika Tuhfat al-Mawdud hatua za mwanadamu tangu tumboni mwa mama yake, na akawalaumu wazazi wanaowapuuza watoto wao. Iweje leo tuione elimu ya makuzi na mahusiano ya familia kuwa ya wageni?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka, isipokuwa kwa sababu maalumu, mgogoro upitie Baraza la Usuluhishi kabla ya talaka kuombwa mahakamani. Na jumuiya yaweza kuwa na baraza lake kwa idhini ya Waziri. Je, tumewaandaa wa kuketi humo?

Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ipo Kijitonyama, jirani zetu. Vijana wetu wenye shahada ya kwanza wasome uzamili wa ustawi wa jamii hapo, au Chuo Kikuu Huria. Ni kweli, si yote yafundishwayo vyuoni yanaafikiana na Qur'an na Sunna. Ndiyo maana aende aliyelelewa madrasa, ajue la kuchukua na la kuacha.

Tunapendekeza kila msikiti umlipie ada mwanafunzi mmoja, tukianza na mabinti, kwani yapo mambo ambayo mke hawezi kuyataja mbele ya masheikh. Kila Ijumaa twachangia mazulia na vipaza sauti. Hili nalo halitushindi.

Mwenyezi Mungu azitengeneze nyumba zetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.