Magoli ya Vijana Wetu Nani Ameyahesabu?

Kila msimu unapofunguka Lubumbashi, inatosha kijana mmoja wa TP Mazembe au Lupopo afunge magoli manne katika mechi tano, na redio zinaanza: amempita Mputu, ana kasi kuliko Samatta, huyu ni Ndaye Mulamba mpya. Hapa Ruashi, Lubumbashi hiihii, maneno hayo yanafika kabla mchezaji mwenyewe hajarudi nyumbani kuoga. Mimi nayapinga. Hatuna haki ya kulinganisha kasi ya mtoto wa leo na ya magwiji wa jana, kwa kuwa hesabu ya magwiji katika ligi yetu hatukuiweka, na ya mtoto huyu pia hatuiweki.

Wanaotetea mtindo huo wana hoja zao. Wanasema kijana lazima atiwe moyo, na kwamba sifa zikivuma, mawakala wa nje huja kumtazama. Sawa, atiwe moyo. Pongezi zinatosha kwa kazi hiyo, na wakala mwenye akili atataka kuona mechi, hatataka kusikia mtangazaji akipiga kelele.

Tuanze na Ndaye Mulamba, maana yeye hesabu yake ipo. Katika Kombe la Afrika la 1974 kule Misri, akiichezea Zaire, alifunga magoli 9 katika mechi 6, na hadi leo hakuna aliyefikia idadi hiyo katika mashindano mamoja. Lakini baada ya mechi tatu za makundi alikuwa na 3 tu. Alifunga mawili dhidi ya wenyeji katika nusu fainali, mawili katika fainali na Zambia iliyoisha 2-2, na mawili tena fainali iliporudiwa siku mbili baadaye. Vincent Aboubakar wa Kamerun, katika mashindano yaliyochezwa kwao mwanzoni mwa 2022, alikuwa na 5 baada ya makundi. Kwa kipimo cha redio zetu, Ndaye alikuwa ameshaachwa mbali. Aboubakar alimaliza na 8 katika mechi 7. Tunaweza kuliona hilo leo kwa sababu kuna mtu aliandika nani alifunga, dakika gani, mechi ipi.

Sasa njoo kwetu. Trésor Mputu wa Mazembe alikuwa mchezaji bora wa 2009 miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika. Nenda Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, uulize alikuwa amefunga magoli mangapi ya ligi alipofika miaka 20, na katika mechi ngapi. Kila Badiangwena, yaani shabiki wa Mazembe, atakupa idadi yake, na kila mmoja ataapa. Kwa Mbwana Samatta, Mtanzania aliyechezea Mazembe, tunajua magoli 7 ya Ligi ya Mabingwa ya 2015, mwaka Mazembe ilipoifunga USM Alger nje na nyumbani katika fainali, kwa kuwa CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilikuwa inaandika. Magoli yake ya ligi ya nyumbani ni ubishi mwingine.

Na ligi yenyewe haisimami mahali pamoja. Msimu wa 2019-20 ulikatishwa na korona. Msimu wa 2022-23 ulikatwa bila bingwa. Magoli yaliyofungwa mwaka huo yamo katika hesabu ya mchezaji au yalifutwa pamoja na msimu? Sijasikia mtangazaji hata mmoja akiuliza. Baadaye timu zikagawanywa katika makundi mawili, kwa hiyo kijana wa Lubumbashi anaanza msimu bila kukutana na mabeki wa klabu za Kinshasa, Vita na Motema Pembe, ambao Mputu alilazimika kuwapita katika ligi. Hiyo kasi inapimwa na kitu gani?

Wamarekani wenye beisboli yao wanapenda kulinganisha kuliko sisi, ila wao wana pa kusimama. Kijana akipiga mipira mingi nje ya uwanja katika wiki zake za kwanza, wanafungua vitabu vinavyoanzia karne ya 19. Babe Ruth alipiga 60 mwaka 1927, katika msimu wa mechi 154. Roger Maris alipopiga 61 mwaka 1961 msimu ulikuwa wa mechi 162, na watu wakagombana miaka mingi juu ya zile mechi 8. Wenzetu waligombana juu ya mechi 8! Sisi hata idadi ya mechi hatuulizi.

Tena wao pia walikuwa na Mputu wao. Josh Gibson, Mweusi aliyefungiwa ligi kuu kwa rangi yake, alisifiwa kwa mapigo karibu 800 ya namna hiyo. Watafiti wakakaa miaka wakipekua magazeti ya zamani, mechi kwa mechi. Yaliyothibitika katika mechi za ligi hayakufika 200. Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo iliyofanya ligi kuu, Mei 2024, imtambue kuwa mwenye wastani bora wa kupiga katika historia yote, mbele ya Ty Cobb aliyekuwa akiongoza. Gibson alikuwa amekufa miaka 77 kabla ya hapo. Sifa za mdomo hazikuwa zimempa nafasi hiyo.

Ukitazama karatasi ya mechi kwenye kiwanja cha vumbi hapa Ruashi, utaona jina la kijana limeandikwa namna moja juu, namna nyingine chini, penye wafungaji, na namba ya mgongoni ina alama ya kuuliza. Karatasi inakunjwa, inaingia mfukoni, na baada ya miezi haipatikani. Hapo ndipo magoli ya watoto wetu yanapopotelea. Halafu mtu anakaa mbele ya maikrofoni na kutangaza kwamba mtoto huyu amevunja rekodi. Rekodi ipi? Nani ameiweka? Huko ni kumdanganya mtoto, na akikaa mechi sita bila goli, midomo ileile itamwita bure.

Linafoot mnaoendesha ligi ya taifa, LIFKAT ya Katanga na Entente ya Lubumbashi, chapisheni karatasi za mechi kila wiki, majina kamili na dakika. Klabu zenye makaratasi ya zamani ziyafungue. Nanyi watangazaji, hadi siku hiyo, liacheni jina la Mputu.