Ndia Kuu si Njia Kuu: Mwanafunzi wa Kiswahili na Ramani za Kidijitali

Aghalabu ramani inapotajwa katika vyuo vikuu vya Kenya, fikira huelekea katika idara za jiografia, upimaji ardhi na mipango ya miji. Mwanafunzi wa Kiswahili huachwa na riwaya yake. Hata hivyo, uchoraji wa ramani za makazi ya watu, jinsi unavyofanywa siku hizi kwa simu na vifaa vya GPS, umejaa maswali ya lugha tangu hatua ya kwanza. Mchoraji akishachora mstari wa barabara, sharti auandikie jina. Jina hilo atalipata kwa nani? Ataliendelezaje? Na wenyeji wakiwa na majina mawili, ni lipi litakalotangulia?

Kazi zenyewe si ngeni katika eneo hili. Mnamo mwaka wa 2009, vijana 13 wa Kibera walizunguka vijijini mwao wakinakili njia, shule, zahanati na vituo vya maji, kisha wakaviingiza katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Kabla ya hapo, ramani za mtandaoni zilikuwa zikionyesha Kibera kama mahali patupu. Mwaka wa 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, katika kazi kama hiyo. Na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa chuo hicho na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi nao walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi kila kituo. Ramani iliyotokana na safari hizo ilitolewa mwaka wa 2014.

Hebu msomaji ayatazame majina yaliyomo katika ramani hizo. Githurai 44 na Githurai 45 yametokana na nambari za njia za magari. Allsops ni kumbukumbu ya kiwanda cha bia kisichokuwapo tena. Kibera kuna Kisumu Ndogo, jina linalotaja walikotoka watu, na Mashimoni, jina linalosimulia umbo la ardhi. Kibera lenyewe ni neno la Wanubi, Kibra, yaani msitu. Na tangu uchaguzi wa 2013 eneo bunge huandikwa Kibra ilhali wakazi wengi wangali wanasema Kibera. Tofauti hiyo ya irabu moja imebeba madai ya ardhi ya jamii nzima, jamii ambayo mwaka wa 2017 ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Anayeandika jina hilo katika ramani ameingia katika mjadala huo, ajue asijue.

Mfano ulio bayana zaidi uko Mombasa. Katika Mji wa Kale kuna barabara iitwayo Ndia Kuu. Katika Kimvita, ndia ndiyo njia ya Kiswahili Sanifu, kama vile mato yalivyo macho. Mwanafunzi wa upimaji aliyetoka bara, aliyepata alama ya A katika Kiswahili cha shuleni, anaweza kwa nia njema kabisa kulisahihisha jina hilo liwe Njia Kuu. Kwa kubofya mara moja atakuwa amefuta ushahidi wa lahaja. Na kwa kuwa ramani huria hunakiliwa na programu nyingine nyingi, kosa lake litasafiri mbali kuliko yeye.

Wapo watakaosema kwamba mafuriko hayangoji mjadala wa fonolojia. Ni kweli. Lakini mtu anayepiga simu akiomba msaada usiku hataji latitudo. Hutaja kituo, msikiti au duka, tena kwa jina analolitumia yeye. Kule Dar es Salaam, mipaka ya mashina ilikuwa vichwani mwa wajumbe, na haikuweza kuchorwa pasipo kuwauliza. Isitoshe, OpenStreetMap ina nafasi ya jina la sasa, jina la zamani na jina la wenyeji. Mara nyingi nafasi hizi mbili za mwisho huachwa tupu kwa sababu aliyetumwa hakufunzwa kuuliza.

Pingamizi nzito ni ile ya usalama. Mwezi Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa Kibera kupisha barabara, na mkazi aliyeyaona hayo ana haki ya kumshuku kijana anayepiga picha mlango wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi. Je, siri ya jamii? Katika kaya za Wamijikenda, baadhi yake zikiwa katika orodha ya turathi za dunia tangu 2008, pana mahali ambapo wazee hawataki pajulikane, hasa pale lilipozikwa fingo. Hapo ramani iliyo bora ni ile iliyoacha pengo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi amefunzwa kuomba ridhaa, kusikiliza na kujua wakati wa kuzima kinasa sauti. Ujuzi huo haupatikani katika mwongozo wa GPS.

Basi idara za Kiswahili hazina sababu ya kungoja zialikwe. Kozi za fasihi simulizi na isimu-jamii tayari humtaka mwanafunzi aende nyanjani, na kazi nyingi anazorudi nazo huishia katika kabati la mhadhiri. Yatosha kuanza na kata moja kwa muhula mmoja: mwanafunzi wa jiografia na wa Kiswahili watembee pamoja, jina liandikwe linavyotamkwa na wenyeji, umbo sanifu likae kando yake, na kisa cha jina kirekodiwe kwa sauti ya msimulizi aliyeridhia. Wazee wanaojua kwa nini kichochoro fulani cha Mji wa Kale kinaitwa hivyo wanazidi kupungua, na muhula mpya unaanza Septemba.